Niulize mimi, usimuulize anayenisukuma

Mwaka wa tano huu tangu nianguke na bodaboda nikaumia uti wa mgongo. Kiti mwendo nimeshakizoea. Nisichokizoea ni mtu kusimama mbele yangu halafu akamuuliza kaka yangu, "Anaitwa nani?"

Siku moja tulikwenda ofisi fulani kuulizia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Dawati letu liko ghorofani na lifti hakuna. (Aliyelipanga huko labda alitaka kupima nia zetu.) Bwana mmoja akateremka, akamwambia kaka, "Anataka mkopo wa nini?" Kaka akamjibu, "Mdomo haukuvunjika."

Basi ukiongea nami, vuta stuli ukae, shingo yangu nayo inachoka. Na kiti usikishike kabla hujaniuliza. Kunisukuma tu ni sawa na mimi nikukamate kiuno nikuhamishe upande wa pili wa barabara, hata kama ulikuwa hapo unasubiri daladala.

Wewe uliyeumia karibuni, jihadhari na kidonda cha kulalia. Kitandani ugeuzwe kila baada ya saa mbili. Ukikaa, jinyanyue kwa mikono kila nusu saa, na jioni jikague makalio kwa kioo. Changu kilianza kama doa tu, kikanilaza miezi mitatu. Ukirudi kutafuta kazi, nenda ukijua kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu.

Ila mimi nilikaribia kuzama nyumbani, tena katikati ya watu wanaonipenda. Nilioshwa, nililishwa, wageni wakija mlango wa chumba changu ulirudishwa. Kila nilichonyoosha mkono nikichukue, mtu alishakiwahi: "Acha, utachoka." Usingizi ukakata. Chakula nikawa natafuna kama karatasi, kuoga kila siku nasema kesho. Majirani wengine walisema nimerogwa. Daktari akasema ni sonona, akanipa dawa na mtu wa kuzungumza naye. Dawa hazikunishika upesi. Wiki za mwanzo niliambulia kinywa kikavu. Ila zilinishika. Kwa hiyo ukiona mwenzako yuko hivyo wiki mbili mfululizo, mpeleke kliniki ya afya ya akili. Maombi yaendelee, lakini mpeleke.

Kilichobaki alikimaliza shemeji, mke wa kaka. Asubuhi moja aliniwekea ungo mapajani. "Shem, nichambulie mchele, mimi nawahi maji kabla hayajakatika." Akaondoka na ndoo zake bila hata kusubiri jibu. Nilikasirika kweli. Nikakaa nautazama ule ungo, kisha nikatoa kijiwe kimoja, kisha chuya. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa kibaraza.

Jioni tunakula, kaka akang'ata jiwe. Wote wakanigeukia.

"Macho si unayo?" shemeji akasema. "Wa kesho uurudie mara mbili."

Nilicheka mpaka wali ukanipalia.