Farasi 109 wanazidiwaje na 105? Maswali yenu kuhusu torki na nguvu ya injini

Maswali ya safari hii yameegemea upande mmoja: wasomaji wanalinganisha magari kwa namba ya farasi peke yake, kisha wakifika barabarani wanakuta mambo mengine. Kabla ya kujibu, shikeni hesabu moja tutakayoirudia. Torki ni nguvu ya injini ya kusokota shafti, hupimwa kwa Nm (nyutoni-mita). Kilowati, au farasi, ni kazi inayofanyika kwa muda fulani. Zidisha torki kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Basi.

Nachagua kati ya Toyota IST ya 1.5 petroli na Mazda Demio ya 1.5 dizeli, zote otomatiki. IST ina farasi 109, Demio 105. Mbona waliopanda mlima wa Kitonga na Demio wanasema inavuta zaidi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa sababu umesoma namba moja ya kila gari ukaacha tatu. Injini ya IST hiyo, 1NZ-FE, inatoa farasi 109 (kilowati 80) ikifika mizunguko 6,000, na torki yake ya juu ni Nm 141 kwenye mizunguko 4,200. Demio ya dizeli ya otomatiki inatoa farasi 105 (kilowati 77) kwenye mizunguko 4,000 tu, na torki Nm 250 kuanzia mizunguko 1,500 hadi 2,500. Dereva wa kawaida hukaa kati ya 1,500 na 3,000. Huko IST haijaamka, Demio iko kileleni.

Tuupige mlima hesabu. Gari likiwa na watu na mizigo lina uzito wa kilo 1,500, mwinuko ni mita 8 kwa kila mita 100, mwendo kilomita 60 kwa saa. Ukijumlisha kupandisha uzito, msuguano wa matairi, upepo na kinachopotelea kwenye giaboksi, injini inatakiwa kutoa takribani kilowati 29. Kwenye mizunguko 2,000, kilowati 29 ni torki ya Nm 138. IST inafikia Nm 141 ikiwa kwenye 4,200, kwa hiyo kwenye 2,000 haina kitu cha akiba: ukikanyaga mafuta gari linazidi kuchoka. Demio, kwenye mizunguko ileile, ina Nm 250 na inatumia zaidi kidogo ya nusu yake.

Lakini angalia upande wa pili. Ukiishusha IST gia hadi mizunguko 3,500, zile kilowati 29 zinahitaji Nm 79 tu, na mlima unapandika bila shida. Injini italia, abiria watakuuliza kama iko salama, na iko salama. Magari yote mawili yakikanyagwa hadi mwisho yanakaribiana sana. Demio haina nguvu nyingi zaidi. Nguvu yake inakuja mapema.

Neno moja kabla hujatoa pesa. Injini hiyo ya dizeli ina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa kwenye mwendo mzuri wa safari. Gari la Kariakoo hadi Mbagala kwenye foleni kila siku halipati nafasi hiyo. Kila jaribio la kujisafisha likikatizwa njiani, dizeli kidogo huteremka kwenye oili. Vuta kijiti cha kupimia oili: juu ya alama ya kujaa kuna alama ya X. Oili ikipanda kuelekea hapo, usifurahi kwamba injini hailambi oili. Mwaga, weka mpya, na iwe ya daraja la DL-1 au ACEA C3, yenye majivu machache. Kwa anayeishi kwenye foleni tu, tungechukua IST. Kwa anayesafiri kwenda Iringa na Mbeya mara kwa mara, Demio.

Karatasi la Japani linasema 14.4 kgf·m, tangazo la hapa linasema 141 Nm, na mtandao wa Kimarekani unasema lb-ft 104. Ni injini tatu? (Msomaji, Morogoro)

Ni moja: zote ni torki ileile kwa vipimo tofauti. kgf·m zidisha kwa 9.81 upate Nm. lb-ft zidisha kwa 1.356. Kwenye farasi kuna mtego mdogo: farasi wa Japani na Ulaya (PS) ni kilowati 0.7355, wa Kiingereza (hp) ni 0.7457, kwa hiyo PS 109 ni kama hp 107.5. Ukiwa na shaka rudisha kila kitu kwenye kilowati.

Na usiamini sana farasi za magari ya michezo ya Japani ya zamani. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa huko walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya PS 280. Nissan Skyline GT-R ya R32 na ile ya R34 zote ziliandikwa 280, lakini torki ilipanda kutoka kgf·m 36 hadi 40. Hapo namba ya torki ndiyo iliyosema ukweli.

Land Cruiser ya 1HZ haina turbo na ina farasi kama 130. Subaru Forester XT ina 280. Kwa nini Land Cruiser ndiyo inaitwa kuvuta lori topeni? (Msomaji, Songea)

Wengi hujibu swali hili haraka: "Land Cruiser ina torki kubwa." Haina. 1HZ, dizeli ya lita 4.2 na silinda sita, inatoa Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Forester XT ya lita 2.0 yenye turbo, toleo la kuanzia 2012, inatoa Nm 350 kuanzia mizunguko 2,000 hadi 5,600. Kwenye shafti ya injini, Subaru inashinda kwa torki na kwa farasi.

Kinachovuta lori ni torki ya kwenye tairi, na hiyo inatengenezwa na gia. Chukua mfano wa namba za mviringo: uwiano wa gia ya kwanza ni 4, wa difu 4, na wa gia ya chini ya foo-wili 2.5. Zizidishe: 40. Nm 285 mara 40 ni Nm 11,400 kabla ya upotevu. Gari la barabarani lisilo na gia ya chini, uwiano wake wa kuondokea huwa karibu 14. Nm 350 mara 14 ni 4,900. Hata ukiongeza msaada wa tokonveta (kiunganishi cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya otomatiki), ambao ni wa muda mfupi wakati wa kuondoka, pengo haliishi.

Tena Land Cruiser inafanya kazi hiyo kwa upole. Kwa uwiano wa 40, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 tairi linazunguka mara 25 kwa dakika, mwendo wa kama kilomita 3.6 kwa saa, yaani mtu anatembea kando ya gari akimwelekeza dereva. Klachi imeachiwa kabisa, hakuna kinachosuguana. Forester kwenye mwendo huo inategemea mafuta yanayokorogwa ndani ya tokonveta, na yale mafuta yanachemka. Yakichemka, kompyuta inapunguza nguvu ili kuokoa giaboksi. Bado hatujataja chesesi ya ngazi, ndoano ya kuvutia na uzito unaokandamiza tairi.

Barabarani mambo yanageuka. Kwenye kilomita 100 kwa saa, anayetaka kulipita basi anahitaji kilowati, na hapo ni 206 dhidi ya 96. Land Cruiser inabaki nyuma ya basi.

Hilux ya 2.8 ya mkono ina Nm 420, ya otomatiki Nm 500. Injini ni moja. Nimeibiwa? Na fundi anasema anaweza kuifungua torki hiyo kwa kompyuta. (Msomaji, Kampala)

Hujaibiwa. Injini ya 1GD-FTV iliyoboreshwa mwaka 2020 ina kilowati 150 kwa zote mbili. Kiwanda kimeikaba torki kwenye gari la mkono ili kulinda klachi na giaboksi. Piga ile hesabu: Nm 420 inashikiliwa kuanzia mizunguko 1,400 mpaka 3,400, na 420 mara 3,400 gawanya kwa 9,549 ni kilowati 150 karibu kamili. Tofauti unaihisi katikati tu: kwenye mizunguko 2,000 ya mkono ina kilowati 88, ya otomatiki 105. Mazda wamefanya vivyo hivyo kwenye ile Demio: ya mkono imewekewa Nm 220 badala ya 250.

Kuifungua kunawezekana, na ndiyo sababu tunakuomba ujue kinachokufa kwanza. Ni klachi. Ipime kabla na baada: gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini kwenye barabara iliyonyooka. Mshale wa mizunguko ukiruka juu huku mwendo ukipanda polepole, klachi inateleza. Baada ya klachi hufuata joto la moshi, hasa ukivuta tela mlimani: torki ya ziada kwenye mizunguko ya chini maana yake ni mafuta zaidi wakati hewa bado ni chache, moshi unakuwa mweusi, turbo na vichwa vya pistoni vinaungua. Fundi akikuahidi farasi 50 za ziada bila kutaja joto la moshi hata mara moja, mshukuru uondoke.

Probox yangu ilikuwa inavuta sana nikiwa Mombasa. Tangu nihamie Eldoret ni kama imezeeka. Injini imekwisha? (Msomaji, Eldoret)

Huenda hakuna kilichoharibika. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina uzito wa takribani asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa ujazo, si kwa uzito, kwa hiyo torki na kilowati vinashuka pamoja. Kama Probox yako ni ya 1NZ-FE, zile kilowati 80 zinakuwa 65, na Nm 141 zinakuwa 114 hivi. Mzigo ni uleule, milima imeongezeka. Dizeli ya turbo hupungukiwa kidogo sana, kwani turbo huzunguka kasi zaidi kufidia, na ndiyo maana matatu za dizeli zinakupita kwenye mlima wa Timboroa.

Ukiona upungufu umezidi huo wa moja ya tano, fuata mpangilio huu badala ya kukimbilia kufungua injini. Anza na chujio cha hewa. Kisha kihisi cha hewa kwenye bomba la kuingizia: kipulizie dawa yake maalum, usiguse waya zake kwa kidole wala kitambaa. Tatu, mgandamizo wa moshi: fungua kihisi cha oksijeni cha mbele, funga geji kwenye tundu lake, pandisha mizunguko hadi 2,500. Ikizidi psi 3, katalitiki (kisafisha moshi cha kwenye bomba) imeziba. Nne, presha ya petroli, ambayo kwenye injini hii ni kati ya kPa 304 na 343. Mwisho kabisa kompresheni, na hapa mafundi wengi hukosea: huchukua namba ya kitabu iliyopimwa usawa wa bahari, wanakuta yako iko chini, wanakuuzia ringi. Kwenye mwinuko lazima isome chini. Linganisha silinda na silinda. Zikipishana kwa zaidi ya psi 14, hapo kuna kesi.

Je, Nissan Leaf ina gia ngapi, na kwa nini inaruka kwenye taa za barabarani kuliko V8? (Msomaji, Nairobi)

Moja tu, yenye uwiano wa karibu 8. Leaf ya kizazi cha pili ina Nm 320 kuanzia mizunguko sifuri hadi 3,283. Fanya hesabu: 320 mara 3,283 gawanya kwa 9,549 ni kilowati 110, ambazo ndizo kilowati zake zote. Kuanzia hapo kilowati zinabaki 110 na torki inashuka kadiri mota inavyozunguka kasi. Kuipita V8 ni kwa mita za mwanzo. Mbele ya barabara, kwenye kilomita 120, V8 yenye kilowati nyingi zaidi itakufikia.

Naambiwa niendeshe kwa mizunguko ya chini daima ili niokoe mafuta. Gari ni la mkono na hubeba mzigo. (Msomaji, Goma)

Kwenye tambarare, sawa. Mlimani na mzigo, hapana. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho kwenye gia ya nne na mizunguko 1,300, injini ya petroli inaanza kugonga, raba zinazoshikilia injini zinatikisika hadi zinachanika, na mafuta huokoi kwa sababu kompyuta inaongeza petroli kupoza silinda. Kanuni ya mkononi: ukiwa umekanyaga robo tatu na gari haliongezi mwendo, shusha gia moja kabla mshale wa mizunguko haujashuka hadi 2,000 kwa petroli, 1,500 kwa dizeli ya turbo. Kushuka ni gia ileile uliyopandia, bila kuzima injini na bila kuweka nyutro, kwani kwenye nyutro injini haikushikii chochote na uzito wote unabaki kwenye breki.