Mwambie muuzaji asiiwashe gari kabla hujafika!!

Mkuu simama hapo hapo. Umeuliza mengi, gari ndogo gani inamfaa binti yako anayejifunza, ya gia au otomatiki, cc ngapi, rangi gani, bima, vyote hivyo weka pembeni kwanza maana mimi jicho limeganda kwenye kasentensi kamoja ulikokaandika kama sifa: "muuzaji ni mstaarabu sana, kasema Jumamosi ataiwasha mapema ipate moto ili tukifika tuingie barabarani moja kwa moja". Mstaarabu! Pacha wake ndiye aliyeniuzia mimi.

Mpigie leo, mwambie asiiguse. Gari iliyotumika unaikagua ikiwa ya baridi, imelala usiku kucha, na ufunguo unauzungusha wewe. Ukifika tu, kabla hata salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti na usogeze mkono karibu na bomba la ekzosi, ukikuta joto geuza urudi nyumbani. Iwe safi namna gani, uwe umetoka mbali namna gani, geuza.

Mke wangu alikuwa anajifunza udereva, nikataka kigari kidogo kisichokunywa mafuta, spea zake ziwe za kuokota popote. Dalali akanipeleka kwenye kimoja kinang'aa, nimekikuta kinanguruma taratibu uani, kiyoyozi kinapuliza, redio inapiga nyimbo za ujana wangu (alijuaje sijui, hawa watu wangepewa kazi ya upelelezi). Nikazunguka nacho kidogo, hakuna moshi hakuna kelele. Na nilikuwa na fundi wangu, hilo neno "wangu" nalitamka kwa uchungu maana baadaye nikaja kujua anakula kamisheni kwa dalali huyo huyo. Akafungua boneti, akagonga hapa na pale, akakunja uso kitaalamu, akasema "mzee hii injini haijaguswa". Na hapo hakudanganya. Aliyetakiwa kuigusa alimwagia dawa tu akafunga.

Kumbe lile gari lilishawahi kuchemsha vibaya. Hizi injini ndogo nyingi hedi zake (kile kipande cha juu kinachofunika silinda) ni za aluminiamu, ikichemsha hedi inapinda, gasketi (kizibo chembamba kati ya hedi na injini) inaachia, maji ya rejeta yanapata njia ya kuingia kwenye silinda au kwenye oili. Ukitaka kutengeneza kweli unashusha hedi, inasagwa inyooke, unaweka gasketi mpya na bolti mpya. Jamaa hakutaka gharama hizo, akamwaga ile dawa ya kuziba uvujaji kwenye rejeta, akatoa na themostati (kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto) ili maji yazunguke muda wote injini ichelewe kupata moto, akatafuta mteja. Ile dawa haina macho, inaziba palipotoboka na inaziba na vijia vya rejeta humo humo, kwa hiyo siku mbili tatu unaona gari zuri halafu ndo linaanza.

Na dalili karibu zote zilikuwa za asubuhi, hapo ndipo ninapoumia. Ukiliwasha limelala linatetemeka kama silinda moja imesusa, kwa sababu maji yamejipenyeza usiku, linatoa moshi mweupe mzito usiokoma na kama ndani kuna kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) unasikia harufu ya utamu utamu (ule mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi unaoisha wenyewe ni kawaida, usikimbie gari zima bure), halafu lile paipu la juu la rejeta linakuwa gumu mara tu baada ya kuwasha wakati maji hata vuguvugu hayajawa, hiyo ni gesi ya kwenye silinda inasukumwa kwenye maji. Likishapata moto, chuma kimetanuka, kila kitu kinatulia kama malaika. Na mfuniko wa rejeta huwezi kuufungua injini ikiwa ya moto, maji yana presha yatakubabua uso, kwa hiyo muuzaji akiipasha tu ameshaufunga bila kufuli!! Mimi ningeufungua ningekuta maji ya kutu, rangi ya chai, hakuna kulanti hata tone.

Sasa weka mwanafunzi kwenye gari la hivyo. Anawaza klachi, anawaza kioo, anawaza kelele za mwalimu ambaye ni mume wake. Vigari vingi vidogo siku hizi havina hata mshale wa joto, ni taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, basi. Nyekundu iliwaka, yeye hakuiona, mimi nilikuwa bize na "achia taratibu, taratibu nimesema", tumekuja kushtuka mvuke unatoka kwenye boneti. Injini ikagoma palepale. Kuweka nyingine ilikuwa karibu sawa na bei niliyonunulia gari, na mpaka leo nyumbani kwangu ukitamka "dili" unaangaliwa.

Dalali nikampigia, akaniambia "mzee gari ni mashine, mashine huharibika". Asante profesa. Fundi yeye akajitolea kunitengenezea kwa punguzo. Punguzo jamani!

Ikiwa baridi utasikia na mengine. Mlio wa cheni ya taimingi (ile inayoendesha valvu) sekunde za mwanzo kabla oili haijapanda, moshi wa bluu unaotoka mara moja ukakata, hiyo oili imeshuka usiku kwenye sili za valvu (vile vimpira vya kuzuia oili isiingie kwenye silinda). Otomatiki ukiweka D au R inachelewa kushika halafu inarukia kwa kishindo. Betri iliyochoka nayo inajisema yenyewe. Na kabla hujawasha, zungusha ufunguo taa za dashibodi ziwake, ya injini, ya oili, ya eabegi, zikizimika baada ya kuwasha ni sawa, ila kama ya injini haikuwaka kabisa huenda kuna mtu kaificha, usiulize kwa nini.

Gia au otomatiki kama sheria ya kwenu inatofautisha leseni fuata leseni anayoitafuta, mimi sina ugomvi. Ila ikiwa ya gia jua klachi ya gari la mwanafunzi ni ya kuliwa, kwa hiyo ulizia bei ya klachi kabla ya bei ya gari.

Fundi mtafute mwenyewe, asiyefahamiana na muuzaji, na mlipe iwe umenunua au hujanunua, la sivyo hatakuwa na sababu ya kukwambia acha. Beba tochi na kitambaa cheupe, chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ufute, angalia na chini ya mfuniko wa oili, ukikuta uji uji wa rangi ya maziwa muulize gari limekaa muda gani na lilikuwa linatembea safari fupi au ndefu, maana unyevu wa safari fupi nao huacha utando kidogo, ila ukiukuta uji huo kwenye dipstiki hakuna maswali, hapo funga boneti muondoke.

Ukishampigia nambie kajibuje. Akianza na "lakini mkuu betri yake kidogo..." mimi nishajua.