Anadeka au Kaumia? Tunajibu Maswali ya Mashabiki Kuhusu Majeraha

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa mashabiki waliochoka kumsubiri mchezaji wao arudi uwanjani, na neno linalojirudia ni "anadeka". Majibu yametolewa na madaktari wa michezo na wataalamu wa fiziotherapia wa safu hii. Msimamo wetu tunautaja mapema: kiasi cha maumivu anachovumilia mchezaji hakisemi kama jeraha limepona. Vipo vipimo vinavyosema hivyo, na shabiki ana haki ya kuuliza matokeo yake.

Winga wetu alishika paja kwenye debi bila hata kuguswa. Hii ni wiki ya tatu hachezi, ilhali tunamwona akipanda na kushuka matatu vizuri kabisa. Zamani watu walicheza hata wakiwa wamevunjika. Huyu si amelegea tu?
*Shabiki wa K'Ogalo, Kaloleni*

Ndugu shabiki, kupanda matatu hakukuambii lolote kuhusu paja la winga. Misuli ya nyuma ya paja ni mitatu, inaanzia kwenye mfupa wa kukalia na kushikilia chini kidogo ya goti. Mtu akitembea, inafanya kazi ndogo sana. Akikimbia kwa kasi yake yote, mguu wa chini hurushwa mbele kabla tu unyayo haujagusa nyasi, na misuli hiyo hulazimika kuuzuia huku yenyewe ikivutwa. Hapo ndipo inapochanika, mara nyingi ule wa upande wa nje. Kwa hiyo kuumia bila kuguswa ndiyo sura ya kawaida ya jeraha hili. Anayeanguka peke yake akishika paja ndiye wa kumwamini kwanza.

Jeraha lenyewe lina daraja. Zikichanika nyuzi chache, mchezaji hukaa nje wiki 1 hadi 3. Likichanika fungu kubwa, ni wiki 4 hadi 8. Msuli ukikatika kabisa au kung'oka kwenye mfupa, hesabu miezi 3 au zaidi, na huenda akahitaji upasuaji. Ikiwa mpasuko umeingia kwenye kano iliyo ndani ya msuli, muda huongezeka na hatari ya kujitonesha hupanda. Mchaniko wa namna hiyo huonekana kwenye picha ya MRI, na hakuna anayeuona akiwa jukwaani.

Linalowachanganya mashabiki ni kwamba maumivu huisha mapema kuliko udhaifu. Siku za mwanzo kuna damu na uvimbe. Kisha mwili hujaza pengo kwa nyama changa ambayo haina nguvu, na nyama hiyo hupangika na kukaza polepole kadiri inavyopewa mzigo. Kufikia wiki ya pili mtu anaweza kutembea bila kusikia chochote. Akipangwa kucheza hapo, kuna uwezekano mkubwa wa kuumia tena, hasa katika wiki mbili za kwanza za kurudi, na jeraha la pili kwa kawaida humweka nje muda mrefu kuliko la kwanza.

Basi anapimwa vipi? Daktari hubonyeza pale palipochanika, na pasiwe na uchungu. Mchezaji hulala chali akanyanyua mguu ulionyooka, nao ufike sawa na ule mzima. Nguvu ya kukunja goti hupimwa kwa kifaa cha mkononi, na tofauti kati ya miguu miwili isizidi asilimia 10. Klabu isiyo na kifaa hicho itumie sanduku la sentimita 60: mchezaji alale chali, kisigino kimoja juu ya sanduku, goti likiwa limekunjwa kidogo, ainue makalio na kuyashusha mpaka achoke. Chini ya mara 20 ni dhaifu, 25 ni wastani, zaidi ya 30 ni vizuri. Miguu yote miwili ifanye, kisha ilinganishwe.

Baada ya hapo ni mbio. Umbali ni mita 60: 20 za kuongeza kasi, 20 za kuishikilia, 20 za kupunguza. Huanza kwa nusu ya kasi yake, huku siku ya mbio ikifuatwa na siku nyepesi, hadi afikie kasi yake kamili na kuirudia mara kadhaa bila hofu. Makosa mengi hutokea hapa. Winga akifika asilimia 80 anaonekana mzima, kocha anafurahi, anapangwa Jumapili. Kumbe msuli haujawahi kuonja ile asilimia 20 ya mwisho, na hiyo ndiyo atakayoitumia kumfukuza beki katika dakika ya 70. Akishafikia kasi kamili, afanye mazoezi yote na timu kwa siku kadhaa ndipo apangwe.

Kuhusu wa zamani, mfano unaotajwa sana ni Bert Trautmann, kipa wa Manchester City aliyemaliza fainali ya Kombe la FA mwaka 1956 akiwa na mfupa wa shingo uliovunjika. Hakujua kwamba umevunjika. Iligunduliwa siku kadhaa baadaye, na mgongano mmoja zaidi ungeweza kumuua. Wakati huo pia hapakuwa na wachezaji wa akiba. Ligi ya Uingereza iliwaruhusu mwaka 1965. Aliyeumia alikuwa na njia mbili tu: kuendelea, au kuiacha timu na watu 10. Winga wenu ana wenzake kwenye benchi.

Beki wetu alipasuliwa goti miezi saba iliyopita. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu wanasema anakula mshahara wa bure. Je, miezi saba haitoshi?
*Msomaji, Embakasi*

Kama ni kano ya msalaba ya mbele iliyokatika, haitoshi. Daktari hushona kano mpya kwa kipande kinachotolewa kwenye kano ya paja la nyuma au iliyo chini ya kifuniko cha goti. Kipande hicho hulegea kwanza kabla ya kukomaa, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa, wakati ambapo mchezaji mwenyewe anajisikia nafuu. Utafiti uliofanywa kwa wanamichezo wa Norway na Marekani, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa kila mwezi mmoja wa kusubiri hadi kufikia mwezi wa 9 ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa takriban nusu. Miezi 9 ndiyo kima cha chini. Juu yake kuna masharti: nguvu ya paja la mbele ifikie angalau asilimia 90 ya mguu mzima, na kuruka kwa mguu mmoja, umbali na mfululizo, kufikie kiwango hicho hicho. Mtego uliopo ni kwamba mguu mzima nao umedhoofika kwa kukaa. Klabu makini hulinganisha na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya msimu, kama vipo.

Mkumbuke Ronaldo wa Brazil. Alipasuliwa kano ya goti Novemba 1999, akarudi Aprili 12, 2000 akiichezea Inter dhidi ya Lazio. Alicheza dakika chache tu, kano ikakatika kabisa bila mtu kumkaba kwa nguvu. Ilibidi asubiri zaidi ya mwaka. Kwenye Kombe la Dunia la 2002 alifunga mabao 8, mawili kati yake kwenye fainali.

Mchezaji anagaagaa chini kama anakufa, anapuliziwa dawa, dakika moja baadaye anakimbia. Hapo mtasema si uongo?
*Shabiki, Burma*

Wapo wanaopoteza muda, hasa timu yao ikiongoza, na refa ana kadi kwa ajili hiyo. Lakini teke la ugoko huuma hivyo hivyo. Mbele ya mfupa huo hakuna nyama, ni ngozi juu ya mfupa wenye neva nyingi. Maumivu hupanda ghafla na kushuka ndani ya dakika moja au mbili. Dawa ile hupoza ngozi na kuitia ganzi kwa muda mfupi, haiponyi chochote. Anayenyanyuka na kukimbia hakuwa na jeraha la ndani, jambo ambalo haliondoi kwamba aliumia.

Mwanangu ana miaka 16. Alitegua kifundo Jumamosi kwenye uwanja wa murram. Kocha wake anasema afunge bandeji acheze Jumatano, asiwe kama msichana. Nifanye nini?
*Mama, Umoja*

Mama, Jumatano asicheze. Na ile kauli ya kocha haifai kwa mtoto yeyote. Wasichana wanaocheza mpira huumia na kurudi kwa masharti yale yale.

Kwanza hakikisha hajavunjika. Bonyeza kwa kidole mfupa wa kifundo, upande wa nje na wa ndani, kuanzia ncha ya chini ukipanda kwenye ukingo wa nyuma kiasi cha sentimita 6. Bonyeza pia mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule wa ndani juu ya upinde. Kisha mwambie atembee hatua nne. Akisikia uchungu kwenye mojawapo ya mifupa hiyo, au akishindwa hatua nne, mpeleke akapigwe eksrei leo. Kwa umri wake sehemu za mfupa zinazokua huenda bado hazijafunga, kwa hiyo ukiwa na shaka, mpeleke tu.

Kama si mfupa, kwa siku mbili tatu za mwanzo: barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15, mara kadhaa kwa siku, bandeji ya kukaza kiasi, mguu uinuliwe juu ya mto. Msimkande kwa maji ya moto wala kumsugua kwa dawa kali, kwa sababu uvimbe huongezeka. Baada ya hapo aanze kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Arudi uwanjani akiweza kusimama kwa mguu huo sekunde 30 macho yamefumbwa, kunyanyua kisigino mara 25, kuruka kwa mguu mmoja, na kukata kona kwa kasi bila kuchechemea. Bandeji ya kawaida hulegea baada ya dakika chache za mchezo, kwa hiyo isichukuliwe kama kinga. Kishikizo cha kifundo chenye kamba, kikivaliwa miezi kadhaa, husaidia zaidi kwa aliyewahi kuteguka.

Kwa nini mchezaji aliyeumia asidungwe sindano ya maumivu amalize nusu ya pili?
*Msomaji, Kawangware*

Kwa sababu maumivu ndiyo yanayomzuia asiuchane msuli zaidi. Diclofenac na ibuprofen hazishoni nyuzi zilizokatika, na zikitumiwa na mtu aliyepungukiwa maji jua la saa tisa, figo na tumbo huathirika. Ganzi huweza kutumika kwa majeraha machache, kama kidole cha mguu au ubavu, daktari akishajua hasa ni nini. Haifai kwa goti, kifundo wala msuli uliochanika. Gabriel Batistuta wa Argentina alisimulia mwaka 2014 kwamba baada ya kustaafu maumivu ya vifundo yalimzidi hadi akamwomba daktari amkate miguu.

Kipa wetu aligongana kichwa, akazirai kidogo, akasema yuko sawa. Mashabiki walimshangilia arudi. Tulikosea?
*Kocha wa timu ya mtaa, Dandora*

Kocha, hapo hakuna mjadala. Akizirai, akiyumba, akiduwaa au akisahau, anatoka na harudi siku hiyo, hata akilia. Muulize: tuko uwanja gani? Ni kipindi cha ngapi? Nani alifunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani, tukashinda? Akikosea hata moja, anatoka. Akijibu yote bado hujamaliza, kwa kuwa dalili zinaweza kuja baada ya saa kadhaa. Akitapika, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, shingo ikiuma au mkono ukikosa nguvu, apelekwe hospitalini mara moja. Asipandishwe bodaboda peke yake, wala asilale nyumbani bila mtu wa kumwangalia. Apumzike siku moja au mbili, kisha apande hatua kwa hatua, kutembea, mbio nyepesi, mazoezi ya mpira, ya timu, mechi, kila hatua saa 24 au zaidi, na dalili zikirudi ashuke hatua moja. Tangu 2024 sheria za soka zinayaruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kumbadilisha aliyegongwa kichwa.

Kwa hiyo shabiki anyamaze tu?
*Shabiki wa Ingwe, Kangemi*

La, aulize, tena kwa sauti. Aiulize klabu: nani alisaini kwamba mchezaji yuko tayari, daktari au kocha? Nguvu za miguu zilipimwa kabla ya msimu? Wachezaji wangapi wametonesha jeraha lile lile? Timu ikiwa na mapaja matatu yaliyochanika kwa mwezi mmoja, kasoro iko kwenye mazoezi au ratiba.

Na aulize kama wanafanya zoezi la Nordic, ambalo tafiti zimeonyesha hupunguza majeraha ya paja la nyuma kwa takriban nusu. Halihitaji vifaa. Mchezaji hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo, naye huinama mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, akijizuia kwa mapaja hadi mikono iguse chini. Wiki ya kwanza ni siku moja tu, seti 2 za mara 5. Ya pili, siku mbili, seti 2 za mara 6. Ya tatu na ya nne, siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 10. Kuanzia wiki ya tano, seti 3 za mara 12, 10 na 8. Timu nyingi huacha wiki ya pili kwa sababu mapaja yanauma vibaya, na chanzo huwa ni kuanza na seti nyingi mno. Lifanywe mwishoni mwa mazoezi, na lisifanywe siku ya kuamkia mechi.