Jibu: Viatu vya wodini visivyo vya ngozi

Salama dada. Umesema umeanza uuguzi Lindi, hutaki kuvaa ngozi ya mnyama, na kila duka wanakuambia "hii siyo ngozi" bila uhakika. Nami hapa Mtwara nilihangaika hivyo hivyo.

Kwanza tafuta alama ndani ya kiatu au chini ya soli. Umbo la ngozi iliyowambwa ni ngozi kweli. Umbo la almasi (mraba uliosimama kwa ncha) ni malighafi nyingine, kama plastiki au mpira. Wavu ni kitambaa. Soma alama za juu, za ndani na za soli, zote tatu. Mimi niliwahi kununua cha plastiki kwa juu, kumbe bitana ni ngozi. Iliniuma sana. Mtumba ukiwa umefutika alama, uache.

Wodini navaa vile vyepesi vya kutumbukiza, vya EVA (aina ya plastiki laini kama sponji), rahisi kuosha. Chukua visivyo na matundu juu, maana damu ikidondoka au sindano ikianguka, tundu halikukingi. Kisigino kiwe kimezibwa au kina mkanda. Kwa joto letu la pwani mguu unatota jasho humo, kwa hiyo soksi za pamba, na jozi mbili za kubadilisha.

Mwulize pia matroni wako rangi inayoruhusiwa kabla hujalipa.