Maji ya Kuoga Moto, Rejeta Baridi: Kosa Liko Wapi?

SWALI: Bwana Fundi, salaam sana. Mimi ni mkazi wa Leicester, Uingereza. Nyumba tuliyopanga ina boila la gesi jikoni na tangi la maji ya moto ndani ya kabati la ghorofani. Tangu baridi ianze, maji ya kuoga yanapata moto kama kawaida, lakini rejeta za vyumbani, yale mabati ya ukutani ya kupasha chumba joto, ni baridi hata nikipandisha themostati (kidhibiti joto) hadi mwisho. Fundi aliyekuja alisema boila limechoka, linunuliwe jingine. Baadaye mume wangu aliona kando ya tangi visanduku viwili vyenye nyaya, akasukuma kipini cha kimoja wapo, na rejeta zikapata joto. Ila baada ya saa moja na nusu zikapoa tena. Je, ni kweli boila limekwisha?
Mama wa watoto watatu, Leicester

JIBU: Mama, ahsante kwa barua yako, na mpe mume wako hongera, kwa sababu kile kipini alichokisukuma kimetupa zaidi ya nusu ya jibu. Boila linalopasha tangi ndilo hilo hilo linalopasha rejeta, na katika mfumo kama wenu pampu pia huwa ni moja. Ikiwa maji ya kuoga yanapata moto, boila na pampu vimekwisha kujitetea, na mimi nisingetoa hata senti moja ya boila jipya kabla ya kukichunguza kisanduku hicho.

Visanduku hivyo ni valvu za mota, yaani milango ya maji inayofunguliwa na mota, moja ya njia ya tangi na nyingine ya njia ya rejeta. Chini kuna mwili wa shaba unaopitisha maji, na juu yake kuna kofia ya bati yenye mota ndogo, springi na swichi ndogo isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Themostati inapotaka joto, umeme wa volti 230 huingia kwa waya wa kahawia, mota ikaizungusha valvu polepole huku ikiivuta springi, na valvu inapokaribia kufunguka yote, mkono wa ndani huibonyeza ile swichi, nayo ikapitisha umeme kutoka waya wa kijivu kwenda waya wa rangi ya chungwa. Waya huo wa chungwa ndio unaoliamuru boila liwake na pampu izunguke, maana yake themostati yenu haizungumzi na boila moja kwa moja, bali hupitia kwa valvu.

Sasa turudi kwenye kile kipini. Ukikisukuma kwa mkono, valvu hufunguka kiasi cha kupitisha maji, lakini kwa kawaida haifiki pale inapoibonyeza swichi. Mume wako alifungua njia wakati boila linawaka kwa ajili ya tangi, rejeta zikanufaika na moto wa jirani. Tangi lilipotosheka, boila likazima, na rejeta hazikuwa na wa kuziombea.

Jioni ya leo fanyeni jaribio lisilohitaji hata bisibisi. Zimeni maji ya moto kwenye saa ya kuwashia, washeni njia ya rejeta peke yake, pandisheni themostati, subirini dakika moja, kisha kisukumeni kipini taratibu kwa kidole. Kikiwa kizito na kinarudishwa na springi, mota haijazunguka. Kikiwa kimelegea na kinachezacheza bila ukinzani, mota imefanya kazi yake, na kama boila halijawaka, shaka inahamia kwenye ile swichi ndogo au nyaya zake.

Kipini kikiwa kizito, anayefuata ni fundi wa umeme mwenye mita. Akikuta volti 230 kati ya waya wa kahawia na wa buluu huku mota imelala, mota hiyo imekufa au kitu kimeikaba. Asipokuta kitu, kosa liko nyuma, kwenye themostati au saa. Naomba sana msifungue kofia hiyo wenyewe kwa kudhani kuwa mkizima saa umeme umekatika. Waya wa kijivu hubaki na umeme saa zote, na huzimwa kwenye swichi ya fyuzi ya ukutani inayolisha mfumo mzima.

Mota hubadilishwa bila kumwaga maji, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya boila. Lakini kabla ya kufunga mpya, fundi akizungushe kwa vidole kile kijiti cha shaba kinachotokeza juu ya valvu. Kinapaswa kuzunguka kwa wepesi. Niliwahi kufunga mota mpya juu ya kijiti kilichokuwa kizito kama kifuniko cha chupa ya asali iliyoganda, nikajiambia kitalegea chenyewe. Haukupita mwezi mota ikaungua, nikarudi kubadilisha valvu nzima, safari hii kwa kumwaga maji na kwa gharama yangu. Valvu hukwama hivyo hasa ikikaa majira yote ya joto bila kuguswa, ndiyo maana napendelea rejeta ziwashwe dakika chache kila mwezi, hata Julai.

Kwa kuwa mmepanga, sheria ya Uingereza ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inamtaka mwenye nyumba atengeneze mitambo ya kupasha nyumba na maji, kwa hiyo mwandikieni matokeo ya jaribio lenu. Na atakayefungua boila lenyewe lazima awe ameandikishwa Gas Safe, yaani kwenye daftari la mafundi wa gesi wanaoruhusiwa kisheria. Mwombeni kitambulisho, hatakasirika.

SWALI: Kwangu Birmingham ni kinyume: nazima kila kitu, lakini boila linaendelea kuwaka na rejeta ni za moto usiku kucha. Je, ni valvu pia?
Baba Zuhura

JIBU: Kuna uwezekano mkubwa, Baba Zuhura, ikiwa nyumba yako nayo ina tangi na valvu mbili. Ama valvu imekwama ikiwa wazi na springi imeshindwa kuirudisha, ama swichi ndogo imegandana ndani, hivyo waya wa chungwa unabaki na umeme. Zima saa, subiri dakika chache kwa sababu pampu nyingine huendelea kidogo ili kulipoza boila, kisha jaribu kipini cha kila valvu. Kipini kilicholegea wakati kila kitu kimezimwa kinaonyesha valvu iliyokwama wazi. Vikiwa vyote vizito na boila bado linawaka, mwambie fundi aanze na zile swichi ndogo. Hadi atakapofika, zima mfumo kwenye swichi ya fyuzi ya ukutani kila unapokwenda kulala.