Mpe mtoto sinia la chai

Binti yetu aliacha kuzungumza Kiajemi akiwa na miaka tisa, na kosa lilikuwa letu sisi wakubwa.

Tulikuwa na wageni. Hapa kaskazini mwa Toronto, kandokando ya Yonge Street, Wairani wamefungua maduka yao ya mikate ya sangak, pistachio na vitabu, na mwisho wa wiki haupiti bila mtu kumkaribisha mwenzake. Mtoto akamwendea mzee mmoja akamwuliza, "To chai mikhay?" Yaani, wewe unataka chai? Kwa Kiajemi mtu mzima haambiwi "to", huambiwa "shoma", na chai anakaribishwa kwa maneno ya adabu zaidi. Sebule nzima ikacheka. Shangazi yake mmoja akairudia sentensi kwa lafudhi ya mtoto, watu wakacheka tena. Walicheka kwa mapenzi, hilo nalijua. Lakini yeye aliingia chumbani, na kwa zaidi ya mwaka mmoja kila aliposemeshwa Kiajemi alijibu kwa Kiingereza.

Mimi ni mtu wa Makunduchi. Mume wangu alizaliwa Shiraz, Iran, akaletwa Kanada na wazazi wake mwaka 1986, vita na Iraq vikiwa vimepamba moto. Naandika kwa ajili ya familia zilizochanganyika kama yetu, na kwa yeyote anayelea mtoto mbali na bibi zake.

Jambo nililochelewa kuliona ni kwamba mtoto wa ugenini yumo kwenye mtihani kila siku. Shuleni anaulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?" Kwa jamaa anaulizwa, "Mbona huongei vizuri?" Kisha anatokea mgeni mwenye nia njema kabisa: "Haya, wewe ni Mwirani au Mkanada?" Swali hilo msimwulize mtoto. Hata baba yake, mtu mzima, hana jibu lake.

Kilichomrudisha binti yetu ni magoti ya mama mkwe wangu. Nowruz, mwaka mpya wa Kiirani, huangukia Machi 20 au 21, na kabla yake ngano huloweshwa, hutandazwa kwenye sahani, hufunikwa kitambaa kibichi na kunyunyiziwa maji kila siku mpaka iote majani. Hiyo ndiyo sabzeh, kimoja kati ya vitu saba vinavyoanza na herufi S ambavyo hupangwa mezani, pamoja na tufaha, kitunguu saumu, siki na vinginevyo. Mwaka ule bibi hakuweza kusimama kwa muda mrefu, akamwita mjukuu. Hakumfundisha lugha. Alimwagiza tu: lete maji, punguza, funika, usiiweke juani. Yote kwa Kiajemi, kwa sababu bibi hana lugha nyingine ya kuagizia kazi. Siku ya kumi hivi nilimsikia mtoto akimjibu.

Tangu hapo sinia la chai ni lake. Amejua kwamba huanza na mkubwa kuliko wote, na kwamba mgeni akisema hataki, haondoki na sinia. Ni taarof, ile adabu ya kukataa kwanza, hivyo atakaribisha mara ya pili na ya tatu. Pia ndiye anayepindua sufuria ya wali ili ukoko, tahdig kwao, utoke mzima. Ukoko ukivunjika watu wanasikitika kweli, na yeye anapenda kuaminiwa kazi ambayo kuharibika kwake kunaonekana.

Majina ya jamaa nayo yana nguvu kuliko hotuba. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba na kwa ndugu wa baba. Kiajemi kinasema dayi na amu, khale na amme. Unguja tunasema mjomba na ami, khalati na shangazi. Nilimwonyesha binti yangu kwamba "amu" ya kwa baba na "ami" ya kwetu karibu ni neno moja, na siku hiyo aliniuliza maswali mpaka usiku. Nikamweleza na Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya Makunduchi kila Julai, ambayo mizizi yake ni Nairuzi, yaani Nowruz hiyohiyo: hesabu ya siku 365 bila siku ya nyongeza imeihamisha mbali na Machi, karibu siku moja kila miaka minne.

Sasa la majina mawili, Mwajemi na Mwirani. Jamaa walioko Los Angeles hujiita Waajemi mbele ya wageni. Mwelezeni mtoto kwa nini. Mwaka 1979 Wamarekani walitekwa kwenye ubalozi wao Tehran, 52 kati yao wakashikiliwa siku 444, na hasira ikawaangukia majirani wa Kiirani waliokuwa Marekani. Wengine wakaona jina la kale lina usalama zaidi. Lakini Wairani ni pamoja na Wakurdi, Waazeri, Waarmenia na wengine, na jina "Waajemi" linawaacha nje.

Siasa ndiyo ngumu kuliko yote. Ninajua familia zisizosalimiana kwa sababu ya bendera, hii ya serikali ya sasa au ile ya enzi za mfalme. Wengine wananyamaza kwa sababu mama zao bado wako huko. Sikumficha mtoto. Januari 8, 2020 ndege ya abiria ilipodunguliwa karibu na Tehran, wakafa watu 176, wengi wakiwa safarini kuja Kanada, tulikwenda naye kuwasha mishumaa. Septemba 2022, Mahsa Amini, msichana aliyekamatwa Tehran na polisi wa maadili kwa ajili ya hijabu, alipokufa mikononi mwao, binti yetu aliomba mwenyewe kwenda kwenye maandamano. Aliwakuta vijana wakipaza sauti, "Zan, zendegi, azadi," mwanamke, maisha, uhuru, wengi kwa lafudhi mbovu kama yake. Hakuna aliyecheka.

Na tafadhali msimwahidi mtoto safari ya Iran kabla ya kuulizia sheria. Mtoto wa baba Mwirani huko huhesabiwa raia, na mvulana akifika miaka 18 hudaiwa utumishi wa jeshi. Kanada ilifunga ubalozi wake Tehran mwaka 2012. Sisi tulisema "mwakani" mara nne, na mara ya nne mtoto hakuitikia.

Mwaka huu alilowesha sahani mbili. Moja ya bibi. Ya pili aliipeleka ghorofa ya chini, kwa familia iliyofika majuzi kutoka Isfahan na watoto wadogo. Alipanda na sahani tupu, akaniambia kwamba yule mdogo bado anaogopa lifti, na kwamba kesho atashuka kumfuata.