Kosa lisilopiga kelele

Juzi mdogo wangu mmoja wa Majengo, hapahapa Moshi, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Epydoc inagoma kwenye Python 3, niitupe?" Marahaba. Epydoc ni programu inayosoma msimbo wa lugha ya Python na kuutengenezea kurasa za maelezo. Nilicheka, kisha kidonda kikatoneshwa, maana swali hilohilo niliwahi kumuuliza bosi wangu, akanijibu mbele ya wenzangu kwamba nafukua kaburi.

Na kweli ni kaburi. Toleo la mwisho la Epydoc, 3.0.1, ni la mwanzoni mwa 2008, Python 3.0 ikatoka Desemba mwaka huohuo. Hazikuwahi kukutana. Lakini msimbo wetu ulijaa maelezo ya @param na @return, alama ambazo Epydoc huzisoma kujua kila kipande cha msimbo kinapokea nini na kinarudisha nini, na nani angeyaandika upya? Mimi, bila shaka. Ndiyo maana niling'ang'ana.

Nikaanza kuigeuza Epydoc yenyewe kwa 2to3, chombo cha kubadili msimbo wa Python 2 uwe wa Python 3. Ikageuza maneno ya kizamani, ikageuza print, ikageuza has_key, na jioni ileile programu ikapita bila kosa. Nikaenda Mbuyuni kunywa mtori kama bwana harusi. Kesho yake nafungua kurasa, kila jina limetanguliwa na b na alama ya kunukuu: b'hesabu', b'lipa'. Python 3 imetenganisha maandishi na baiti, yaani data ghafi, ila ukiipa str, kile kinachogeuza kitu kuwa maandishi, baiti bila kutaja usimbaji, yaani kanuni ya kuzisoma kama herufi, haikatai. Inakuandikia hiyo b, kimya. Bosi ndiye aliyeziona kwanza. Alichosema nakiacha.

Wiki mbili zilizofuata ni umeme kukatika na kurudi.

Usiitupe, mdogo wangu, ila usianzie nilipoanzia. Kabla hujagusa print, tafuta kila mahali Epydoc inaposoma faili na inapoandika. Baiti ziishie hapo mlangoni. Ndani yatembee maandishi tu. Kisha endesha kwa python3 -bb, hapo b ile ya siri inageuka kosa linaloonekana. Ningeijua mapema nisingeaibika. Hifadhi pia kurasa zilizotengenezwa na Python 2, uzilinganishe na mpya kwa macho yako. Kwa macho, narudia! Vijana tunaamini mno skrini isiyolalamika.

Halafu 2to3 imeondolewa kwenye Python 3.13, kwa hiyo weka toleo la nyuma kidogo. Ukikwama njoo Jumamosi, na kompyuta iwe na chaji.